Chumvi ya Karibu na Mfupa

Ko. Kifuniko cha ndoo kiligusa ukuta, kikombe cha bati kikazama ndani ya maji, kikainuka, na Katungu akamsikia mtu akinywa gizani, funda baada ya funda, polepole, kama asiyetaka kuamsha nyumba. Jogoo wa jirani alikuwa bado hajawika. Katungu alikuwa amelala ubavu, mkono wake chini ya shingo ya binti yake Jemima, na hakutikisika. Hicho kilikuwa kikombe cha tatu tangu walale.

"Mama?"

"Lala, mama Jemima. Ni mimi. Koo inakauka tu."

Aliyekuwa akinywa ni mama mkwe wake, Mama Virginie, muuza samaki wa soko la Butembo. Tangu Sikuli, mume wa Katungu, apate kazi ya useremala Beni, nyumba ile ya mbao na bati ilikuwa ya wanawake watatu: bibi, mkaza mwana, na Jemima mwenye miaka saba, ambaye akiulizwa nani mkubwa wa nyumba alikuwa akijionyesha mwenyewe kwa kidole.

Wiki moja kabla ya asubuhi ile, Katungu na Mama Virginie walikuwa wamepanda gari kwenda Beni. Madaktari wa macho walikuwa wamefika huko kwa wiki nane tu. Jicho la kulia la Mama Virginie lilikuwa limefunikwa lote na mtoto wa jicho, na la kushoto lilikuwa likiona kama mtu anayechungulia kwenye glasi iliyomwagikiwa maziwa. Wakamkalisha, wakamfunga kitambaa cha mashine ya presha mkononi, kikavimba, kikapumua. Mia moja tisini na nne.

"Siwezi kupasua jicho na tension ya namna hii," daktari alimwambia Katungu pembeni. "Damu inaweza kumwagika ndani ya jicho, tukapoteza hata kile kidogo kilichobaki. Arudi Alhamisi ya mwisho, wiki ya nane. Ameze dawa kila asubuhi, aache chumvi. Lazima ikuwe chini ya mia moja sitini. Ikikataa, sisi tunaenda, na tutarudi lini, hapana jua."

Basi wiki saba zilikuwa zimesimama kati ya Mama Virginie na giza.

Katungu aliichukua kazi ile kama mtu anavyochukua mtoto mgongoni, bila kuuliza itakuwa nzito kiasi gani. Sombe ya majani ya muhogo akaipika bila chumvi. Maharagi ya Musienene akayapika na vitunguu vingi na nyanya, bila chumvi. Jemima alionja, akasema, "Mama, kuna kitu umesahau." Mama Virginie alikula akamaliza. Kila asubuhi alimeza kidonge mbele ya macho ya Katungu, akafungua mdomo kuonyesha kwamba kimepita, wakacheka wote wawili.

Jumamosi wakaenda kupimwa kwenye kituo cha afya cha mtaani. Mia moja tisini na mbili. Jumamosi iliyofuata, mia moja tisini. Tension ilikuwa kama mtu aliyejifungia chumbani, unabisha, anaitika, na mlango hafungui.

Jioni tatu kwa wiki Katungu alikuwa akisoma. Masomo ya jioni ya wamama yalifanyika katika ukumbi wa parokia, saa kumi na moja mpaka saa moja, na mwalimu wa afya alikuwa Nadège, muuguzi mwenye sauti ya chini na jicho lisilopitwa na kitu. Katungu aliacha shule mapema, kule Alimbongo, mwaka ambao wazazi wake walihama shamba na kurudi na kuhama tena. Daftari lake la sasa alilifunika kwa karatasi ya kalenda. Alipenda kuandika kichwa cha somo na kukipigia mstari mara mbili.

Jioni hiyo Nadège aliweka haragi moja kwenye kiganja chake, akazunguka nalo kati ya viti.

"Chini ya ubongo kuna tezi, haipiti ukubwa wa hii haragi. Na juu ya hiyo tezi kuna sehemu ya ubongo yenye kuonja damu. Hapana na ulimi, lakini inaonja. Chumvi ikizidi kwenye damu, ubongo unafanya mambo mawili. Ya kwanza unaijua: unasikia kiu. Ya pili huisikie. Inatoka dawa ndogo ya mwili yenyewe, banaiita hormone. Hii jina yake ni vasopressine. Inashuka na damu mpaka kwenye figo, inaambia figo: muchunge mayi, musiitoshe nje. Mayi inabaki, damu inajaa. Na ikiwa mingi, mishipa yenyewe inajibana. Sasa mufikiri mupira wa kumwagilia bustani. Mayi mingi, mupira unabanwa. Inakuwa namna gani?"

"Inapasuka," wakajibu.

"Donc, mama Nadège," akasema mmoja kutoka nyuma, "tension ya bwana yangu iko ndani ya haragi?"

"Tension ya bwana yako inatoka fasi mingi. Moyo, figo, miaka, kitambi." Nadège alimtazama. "Na wewe pia."

Ukumbi ukacheka. Katungu hakucheka. Alikuwa akiandika haraka, na neno lililomkaa kichwani njia nzima ya kurudi lilikuwa moja: maji yanabaki. Alikiona kikombe cha bati. Vikombe vitatu kila usiku, na vyote vinabaki mwilini. Alipofika nyumbani akaichukua ndoo ya maji, akaiingiza chumbani kwake, akaifunika nguo.

Alidhani anatenda wema. Siku mbili Mama Virginie alizunguka jikoni akipapasa ukuta pale ndoo ilipokuwa, asiulize. Midomo yake ikapasuka. Alilalamika kichwa, akasema ni baridi. Jumamosi ile mashine ikaonyesha mia mbili na moja.

Jumatatu Katungu alimngojea Nadège nje ya ukumbi, mvua ikinyesha, akamweleza yote bila kujipamba. Nadège alisikiliza, mwamvuli begani.

"Ulimufungia mayi mutu mwenye kiu?"

"Ulisema mayi inabaki."

"Nilisema. Lakini angalia, dada. Mutu akikosa mayi, chumvi ya kwenye damu inakuwa kali zaidi, na ile hormone inatoka zaidi. Ulisukuma kitu kulekule kilikuwa kinaenda." Aliona uso wa Katungu, akapunguza sauti. "Haukuua mutu. Rudisha ndoo leo. Na uache kukiangalia kikombe, kikombe hakina kosa. Mutu hanywe mayi mara tatu usiku bure. Chumvi inatoka wapi?"

"Kwetu hatuweke chumvi. Hata mutoto analia."

"Kwenu, sawa. Na muchana anakuwa wapi?"

Siku iliyofuata ilikuwa Jumanne, siku ya samaki. Samaki wa chumvi wa Kyavinyonge hufika Butembo Jumanne na Ijumaa, wakiwa wamepasuliwa mgongoni, wamefunuliwa kama kitabu, wametiwa chumvi na kuanikwa mpaka wakakakamaa. Katungu alimpeleka Jemima shuleni, kisha akaenda sokoni. Hakuwa na desturi hiyo. Meza ya Mama Virginie ilikuwa ya Mama Virginie, kama vile jiko lilivyokuwa la Katungu, na kila mmoja alikaa kwake.

Alisimama kando ya nguzo. Mama Virginie alikuwa amekaa na kapu kati ya miguu. Alichukua samaki, akampitisha kidole gumba mgongoni, akanyofoa uzi mwembamba wa nyama karibu na mfupa, akauweka ulimini, akafumba macho. Samaki akaenda upande wa kulia. Mwingine, uzi, ulimi, kulia. Mwingine, uzi, ulimi, akakunja uso, kushoto. Mkono haukupumzika.

"Mama Virginie," akasema Séphora, muuza unga wa meza ya jirani, "ukiendelea vile utatuachia mifupa ya kuuza."

"Mifupa nitakupa wewe, utie mu unga wako ikuwe na ladha."

"Unga wangu haina shida na ladha. Ni bwana yangu tu anasema."

Walicheka, na samaki mwingine akaguswa na ulimi. Katungu akaelewa yote kwa mara moja, akashika nguzo.

Sifa ya meza ile ilikuwa moja, na soko zima liliijua: samaki wa Mama Virginie hakuwahi kumwumiza mtu tumbo. Wapo wavuvi wanaochelewa kutia chumvi. Samaki wa namna hiyo nje ni mzuri, mkavu, lakini karibu na mfupa nyama imeshaanza kugeuka nyekundu. Zamani Mama Virginie alikuwa akimfunua mara moja, akitazama mstari ule, amemaliza. Sasa mstari hauoni. Ulimi ndio ulioshika kazi ya macho, samaki kwa samaki, kapu zima, mara mbili kwa wiki, na siku nyingine alipopanga meza upya. Kadiri macho yalivyozidi kufa, ndivyo alivyozidi kuonja. Alivyozidi kuonja, tension ikakataa kushuka. Na tension ikikataa, macho hayapasuliwi. Mduara ule ulikuwa umefungwa vizuri kuliko kapu.

Jioni, Jemima akiandika namba zake sakafuni, Katungu alikaa karibu na mama mkwe wake, wakachambua maharagi. Mama Virginie alichambua kwa vidole, haraka, na hakukosea jiwe hata moja.

"Mama, leo nilifika sokoni."

"Nilijua. Séphora alisema kuna mutu mwenye kitenge ya njano anakumbatia nguzo."

Katungu alitabasamu, kisha akaacha. Akamweleza kuhusu tezi, chumvi inayofika kwenye damu, ubongo unaoonja nyuma ya ulimi, na ile hormone inayoshuka kuambia figo zichunge maji.

"Mimi sikule ile samaki," akasema Mama Virginie. "Minaonja. Mutu anaonja, hajakula."

"Ubongo haijue. Inaona tu chumvi imefika."

"Ubongo yangu mimi? Inaniripoti?"

"Inakuripoti, Mama."

Mama Virginie alitupa jiwe dogo mlangoni. "Sasa niache meza? Njo unataka? Ama niwaambie watu macho imeenda? Nani atanunua samaki kwa kipofu, mama Jemima? Batasema anauza na bahati."

"Nitakaa karibu yako. Mimi nitaangalia, wewe utaamua."

"Wewe?" Kicheko kilimtoka puani. "Wewe wa Alimbongo? Ulikulia kwenye viazi. Samaki ya kwanza uliiona siku ya ndoa yako, na uliikula upande wa kichwa."

Katungu alirudi kwenye maharagi. Alichambua, akachambua. Mwishowe akasema bila kuinua uso, "Mama, ile ndoo. Mimi njo niliificha. Nilielewa somo nusu, nikafikiri mayi njo inakuua. Unisamehe."

Vidole vya Mama Virginie vilisimama ndani ya sahani.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Nilisikia unaivuta. Nilifikiri umechoka na mimi. Nikasema, mutoto wa watu, bwana yake hayuko, ananichunga mimi kama yai, ana haki ya kuchoka." Akarudisha haragi moja kwenye sahani. "Kumbe ulikuwa unanitibu."

"Vibaya."

"Vibaya kabisa." Akapapasa mpaka akakuta mkono wa Katungu, akaupiga kofi dogo, akaushika. "Siku ya tano, samaki ikifika, ukuje sokoni. Lakini ukikosea, unarudi kwenye viazi yako."

Ijumaa Katungu alikaa kwenye kigoda kushoto kwa mama mkwe wake, kapu katikati. Alifunua samaki, akainama kama anayepanga tu, na akasema chini chini rangi aliyoiona. Nyeupe. Nyeupe. Ya majivu. Mama Virginie alibonyeza kwa gumba, akanusa, akamtuma kulia au kushoto. Kwa mbali walionekana kama wanawake wawili wanaosengenya.

Kazi haikuwa rahisi. Mkono wa Mama Virginie ulikuwa na desturi ya miaka thelathini; ulijiinua wenyewe kuelekea mdomoni. Kila ulipoinuka Katungu alikohoa.

"Mama Jemima, una kifua?" akauliza Séphora. "Tangu asubuhi unakohoa."

"Ni vumbi ya unga wako," akajibu Mama Virginie, akafuta kidole kwenye kitambaa.

Jumanne iliyofuata mteja alirudisha samaki. Alikuwa mke wa mwalimu mmoja aliyetumwa kutoka Kasai, mwanamke wa heshima zake, na hakupaza sauti. Alimfunua tu samaki mezani na kuonyesha karibu na mfupa. Katungu alitazama, akaona mstari wenye wekundu wa kutu, mwembamba kama uzi wa kushonea. Alikuwa amemwita huyo mweupe.

Mama Virginie alimpa mteja samaki wawili mahali pa mmoja, akamwomba radhi, akangoja aende. Katungu alikuwa ameshaanza kukusanya kanga yake.

"Unaenda wapi?"

"Kwa viazi."

"Kaa. Nani alikufundisha kuangalia samaki ikiwa imelala? Unaangalia nyama. Angalia mufupa. Igeuze kwa jua, jua ipite ndani. Hapo. Unaona nini?"

Katungu alimwinua samaki yule dhidi ya mwanga. Mstari uliwaka wote, kuanzia shingoni mpaka mkiani.

"Naiona, Mama."

"Basi. Mimi pia nilirudishiwa ya kwanza. Mama yangu alinipiga nayo hapa." Akagusa sikio lake. "Wewe una bahati, mkono wangu hauone fasi ya kupiga."

Toka siku hiyo Katungu hakukosea tena, au alikosea na samaki hakurudi. Nyumbani Mama Virginie alianza kulala usiku mzima. Jumamosi mashine ilisema mia moja themanini na tatu, na muuguzi wa kituo akapima mara ya pili akidhani kitambaa kimelegea. Jumamosi nyingine, mia moja sabini na mbili. Nadège alipoambiwa alifurahi kwa kiasi chake. Alisema dawa inafanya kazi yake na ulimi umeacha kuibomoa, vyote viwili, asidhani ni kimoja. Jumamosi ya mwisho kabla ya Beni ilikuwa mia moja sitini na sita.

Sita tu juu ya mia moja sitini. Katungu alizilalia namba hizo siku nne. Alijua kwamba sita zinaweza kushuka, na alijua pia kwamba njia ya Beni, na vizuizi vyake, na vumbi, na hofu ya kisu cha daktari, vinaweza kuzipandisha. Mama Virginie alijiandaa. Alifunga vitenge viwili kwenye mfuko, akaweka rozari juu, akamwachia Séphora ufunguo wa sanduku la meza.

Jemima walikwenda naye, maana hapakuwa na wa kumwacha naye. Sikuli aliwapokea Beni pale magari yanapoegesha, unga wa mbao bado kwenye nyusi, akambeba binti yake begani mpaka hospitalini. Ukumbi wa kungojea ulijaa wazee waliokaa kimya, kila mmoja na mtu wa kumshika mkono. Daktari alikuwa ndani, amevaa tayari. Jina la Mama Virginie lilikuwa la tatu kutoka mwisho kwenye orodha.

Muuguzi alimkalisha, akamwambia apumue, aweke miguu yote miwili chini, asiongee. Wakangoja dakika tano. Kisha akamfunga kitambaa mkononi.

"Ngoja, mwanangu," akasema Mama Virginie. "Nani atasoma?"

"Mimi, mama."

"Hapana. Siku ile ya kwanza daktari aliambia mama Jemima pembeni, Sikuli njo alinipigia simu, akasema, 'Mama, daktari anasema iko mbaya kidogo.' Kidogo. Nimekaa kuuliza watu, kumbe ilikuwa mia moja makumi tisa na ine. Mukubwa akinisomea, anatia sukari kwanza." Sikuli alitazama dari. "Nataka Jemima asome. Yeye hajue gani ni nzuri, gani ni mbaya. Atasema tu yenye iko."

"Koko, mimi najua namba mpaka elfu," Jemima akamwambia bibi yake kutoka begani kwa baba yake.

"Njo maana."

Muuguzi alimwangalia Katungu, na Katungu akaitika kwa kichwa. Mtoto akashushwa, akasimama mbele ya mashine, mikono nyuma, kama wanavyosimamishwa mbele ya ubao. Kitufe kikabonyezwa. Kitambaa kikavimba, kikabana, Mama Virginie akafumba macho yake yote mawili, lenye kuona na lisiloona. Namba zikaanza kuteremka, zikayumba, zikateremka tena. Katungu aliinamisha uso. Aliusikiliza upepo ukitoka kwenye kitambaa mpaka ukaisha, na mkono wa mama mkwe wake, ule usiofungwa, ulikuwa ndani ya wake, mkavu na mgumu.

Mashine ikalia mara moja, ikanyamaza. Jemima akasogea karibu, akaweka kidole chini ya kioo, akaanza na mamia kama alivyofundishwa, midomo ikicheza bila sauti. Aliporidhika akageuka kwa bibi yake.

"Koko, imeandika mia moja na makumi ine na nane."